Mlango Umesogea Hadi Bweleo, Mtihani Haukusogea

Leo tunakusudia kulizungumza jambo ambalo hurudi mabarazani kila yanapotoka matokeo ya Kidato cha Sita, tangu Mji Mkongwe hadi shamba. Mtoto amefaulu masomo ya sayansi na anataka kusomea uhandisi, na ndani ya kisiwa chetu hiki kimo chuo ambacho jina lake linajulikana dunia nzima. Je, aombe? Na akiomba, familia ijitayarishe vipi?

Chuo chenyewe ni tawi la Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras, ambalo wengi wetu tumezoea kuliita IIT. Hati ya makubaliano ilitiwa saini hapa Zanzibar tarehe 5 Julai 2023, mbele ya Rais Dk. Hussein Ali Mwinyi na Waziri wa Mambo ya Nje wa India, S. Jaishankar. Mwezi Novemba mwaka huo huo Rais akakifungua rasmi huko Bweleo, katika rasi ya Fumba, kusini mwa mji. Lilikuwa tawi la kwanza la taasisi hizo kuwekwa nje ya ardhi ya India.

Si jambo dogo. Wazee wetu waliotaka elimu ya ufundi wa juu walipanda meli na ndege kwenda Makerere, Cairo, Ulaya Mashariki, China na Bara Hindi, na wengine hawakurudi. Leo mzazi wa Kombeni anaweza kumpelekea mwanawe chakula cha futari chuoni na akarudi kabla ya Isha. Hata hivyo ukaribu huo umezaa dhana moja ambayo inafaa isahihishwe mapema, kabla haijavunja moyo wa kijana yeyote: kwamba chuo kikiwa kwetu, basi nafasi zake ni zetu. Mlango umesogea, lakini mtihani haukusogea.

KISA CHA KEBO YA FUMBA

Kabla ya kuueleza mtihani huo, tujikumbushe kwa nini kisiwa hiki kinawahitaji wahandisi. Hatuna haja ya kwenda mbali na Bweleo penyewe. Katika rasi hiyo hiyo, ufukweni mwa Fumba, ndipo inapopandia kebo ya umeme inayotoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, kwa chini ya bahari. Kebo ya kwanza ilianza kazi mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010.

Waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kusimuliwa. Pampu za maji zilisimama, akina mama wakarudi visimani na ndoo kichwani, samaki wakaharibika kwa kukosa barafu, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe mlio wa majenereta ukawafanya watu wasisikilizane. Watoto walidurusu kwa koroboi na mishumaa. Kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100 ilipatikana mwaka 2013, kwa fedha za Marekani na kwa kazi ya kampuni ya Kijapani. Tunawashukuru waliotusaidia. Lakini haifichikani kwamba uti wa mgongo wa maisha yetu uliwekwa, na ulipoharibika ukashughulikiwa, kwa kutegemea mno elimu iliyomo katika vichwa vya watu wa mbali.

Wanavyuoni wametufundisha faradhi za kutoshelezana, zile ambazo wakizisimamia baadhi ya watu wengine husamehewa, na zikiachwa na wote lawama huwa ya wote. Imamu Ghazali alizihesabu tiba na hesabu miongoni mwa elimu za aina hiyo, kwa sababu mji hausimami bila ya hizo. Hatudhani kwamba tunavuka mpaka tukisema kuwa, katika kisiwa kinachopata umeme wake kwa waya wa baharini, elimu ya uhandisi imo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo mzazi anayekaa na mwanawe kujaza fomu asione kuwa anashughulikia mambo ya kidunia tu.

UGUMU ULIKOTOKA

Ili tuelewe kwa nini chuo hiki kinachuja sana, yafaa tujue kilikozaliwa. India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilikuwa na watu wengi na wahandisi wachache. Taasisi ya kwanza ya aina hii ilianzishwa mwaka 1951 huko Kharagpur, katika majengo ya Hijli ambayo Waingereza waliyatumia kuwafungia wapigania uhuru. Ile ya Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai, ilianzishwa mwaka 1959 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. (Wajerumani hao hao walikuja kusaidia Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1973, na wahandisi wengi wa nchi yetu wametokea hapo.) Leo taasisi hizo nchini India ni 23, na kuingia humo ni miongoni mwa mashindano makali kabisa duniani. Mwaka 2023 vijana waliojiandikisha kwa mtihani wa awali walizidi milioni 1.1. Waliofika katika mtihani wa pili walikuwa kama 180,000. Nafasi zilizokuwapo zilikuwa 17,385.

Ushindani huo una upande wake wa kusikitisha, nao tunautaja kwa makusudi. Upo mji uitwao Kota, katika jimbo la Rajasthan, ambao uchumi wake umejengeka juu ya tuisheni za mtihani huu. Watoto hupelekwa huko wakiwa wadogo, wakakaa mbali na wazee wao, wakasoma usiku na mchana kwa miaka. Miaka ya karibuni ziliripotiwa habari za watoto kujitoa uhai, mpaka mwezi Januari 2024 Serikali ya India ikatoa miongozo ya kuvizuia vituo vya tuisheni kuwaandikisha watoto walio chini ya miaka 16. Mzazi wa Kizanzibari hana sababu ya kuuiga mwenendo huo. Mtoto ni amana kabla hajawa mtahiniwa, na hakuna cheti kinachofidia amana iliyopotea.

Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, utaratibu wa hapa ni tofauti. Mwombaji wa Bweleo hafanyi ule mtihani wa India. Chuo kina mtihani wake wa mchujo, na wanaofanya vizuri humo huitwa katika usaili. Lakini idadi ni ndogo. Kilipoanza mwaka 2023 kilitangaza nafasi 50 za shahada ya kwanza na 20 za shahada ya uzamili, na milango ilikuwa wazi kwa vijana wa Zanzibar, wa Tanzania Bara, wa nchi nyengine za Afrika na wa India kwenyewe. Chumba kimoja cha darasa katika skuli zetu za mjini kimewahi kuchukua wanafunzi zaidi ya hao 50.

HESABU, TENA HESABU

Tuseme wazi, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu: maombi ya chuo hiki hayaanzi siku fomu inapotolewa. Yanaanza miaka minne au mitano nyuma, katika daftari la hesabu.

Taifa letu lina maradhi katika somo hili na hayafichiki. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2023 waliofaulu Hisabati nchini walikuwa kama robo tu ya watahiniwa, na miaka iliyotangulia hali ilikuwa mbaya zaidi. Maana yake, katika kila watoto wanne watatu wameshafungiwa mlango wa uhandisi wakiwa na umri wa miaka 16 au 17, kabla hawajasikia jina la chuo chochote. Na fani iliyoanza kufundishwa Bweleo, yaani sayansi ya data na akili mnemba, ni hesabu tupu iliyovaa nguo za kompyuta: takwimu, nadharia ya uwezekano, vekta na matriksi. Kijana anayependa kuchezea simu na kuweka picha mitandaoni asidhani kwamba ameshaianza fani hiyo. Mpeni mas-ala ya uwezekano mumtazame anavyoyakabili.

Sisi Waislamu hupenda kujisifu kwamba elimu ya aljebra ni yetu. Ni kweli kwamba jina lenyewe limetokana na kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi zake Baghdad katika karne ya 9, na kwamba neno algorithimu, ambalo wanafunzi wa kompyuta hulitamka kila siku, limetokana na jina lake. Wengi wasichokijua ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za mirathi na wasia. Mwanachuoni yule hakuwa akitafuta sifa. Alikuwa akitafuta njia ya kuwapa warithi haki zao bila ya kukosea.

Basi na tuchukue mfano anaoujua kila aliyekaa katika darsa ya faraidh. Mtu amefariki akaacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na binti mmoja, na mali yake ni shamba la minazi 72. Mke ana thumni na mama ana sudusi. Ukitoa hayo katika 24 husalia 17, na wa kiume ana mafungu mawili kwa moja la dada yake. Kumi na saba haigawiki kwa tatu. Ndipo mwalimu huiongeza asili ya mas-ala kutoka 24 hadi 72, na kila mmoja akapata fungu lake kamili: mke minazi 9, mama 12, mwana wa kiume 34, binti 17. Mtoto aliyefahamu kwa nini 24 haikutosha na 72 ikatosha, huyo ameshaanza kufikiri kama mhandisi. Aliyekariri majibu tu hajaanza, hata kama anapata alama 90 skuli.

Na hapo ndipo tuisheni zetu nyingi zinapokosea. Hukusanya mitihani iliyopita, zikawakaririsha watoto majibu, na mtoto akafaulu mtihani wa taifa. Mtihani wa mchujo haukutungwa kwa ajili ya kumpendeza aliyekariri, na usaili ndio kabisa. Mwalimu anaweza kuuliza swali ambalo halimo katika kitabu chochote, si kwa kutaka kukomoa, bali atazame kijana anaanzia wapi, anajaribu nini, na akikwama anafanyaje. Kijana aliyezoeshwa nyumbani kunyamaza kila anapoulizwa na mkubwa hupata tabu hapo. Adabu ya kunyamaza ina mahali pake, na adabu ya kujibu kwa utulivu, hata kwa kusema sijui lakini nadhani ni hivi, nayo ina mahali pake. Ni vyema baba akamzoesha mwanawe hiyo ya pili mezani, kabla hajaizoeshwa na wageni.

Lugha nayo ni mtihani wa pili uliojificha ndani ya ule wa kwanza. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, na kila mwalimu anajua jinsi watoto wanavyohangaika. Mwenye kufahamu hesabu lakini hafahamu swali, hawezi kusaidiwa na fahamu yake. Nusu saa kwa siku ya kusoma Kiingereza cha vitabu, kwa miaka miwili, ni bora kuliko kozi ya wiki mbili kabla ya mtihani.

ADA, NA SUALA LA BINTI

Sasa tuje kwenye jambo linalowanyima wazazi usingizi. Ada iliyotangazwa chuo kilipoanza ilikuwa dola 12,000 za Marekani kwa mwaka kwa shahada ya kwanza. Kwa miaka minne ni dola 48,000, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni 100. Kwa mvuvi wa Kizimkazi au mwalimu wa skuli hizo si fedha za kutafutwa kwa kubana matumizi.

Nasaha yetu ni kwamba mtu asiuze kiwanja wala shamba la urithi kwa ajili ya jina. Kwanza iulizwe habari ya ufadhili, chuoni kwenyewe na Wizara ya Elimu, na iulizwe pia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Majibu yapatikane kwa maandishi, kwa mwaka husika, kwa kuwa ada na masharti hubadilika. Pili, mkataba wowote wa mkopo usomwe wote kabla ya kutiwa saini, na penye shaka ya riba aulizwe mwenye elimu, asiulizwe jirani. Tatu, mwana aelezwe ukweli wa mfuko wa nyumba. Kijana wa miaka 19 anayejua kuwa njia ni ufadhili tu husoma kwa namna nyengine kuliko yule anayedhani baba ana hazina iliyofichwa.

Kuhusu mabinti, tumewasikia wazazi wakisema uhandisi si kazi ya mwanamke. Hatuoni hoja ndani ya maneno hayo. Aliyekabidhiwa kuliongoza tawi la Bweleo lilipofunguliwa alikuwa mwanamke, Profesa Preeti Aghalayam, mhandisi wa kemikali ambaye mwenyewe alisoma shahada yake ya kwanza katika chuo hicho hicho cha Madras, naye akawa mwanamke wa kwanza kuongoza tawi la taasisi hizo. Kama hofu ya mzazi ni umbali, malezi na stara, basi hofu hiyo ndiyo sababu ya kulitazama zaidi Bweleo kuliko mji wa ng'ambo. Mzazi anaweza kwenda kuyaona mabweni kwa macho yake, akauliza utaratibu wa sala na chakula, akarudi nyumbani mchana ule ule. Binti mwenye hesabu nzuri akizuiwa kuomba, nafasi yake haibaki wazi ikimsubiri kaka yake. Huchukuliwa na mtoto wa watu.

TUSIFUNGE MACHO KWENYE MILANGO MENGINE

Jambo moja husahaulika katika shauku hii. Si kila uhandisi unafundishwa Bweleo. Kilianza na sayansi ya data na akili mnemba, kisha zikaongezwa fani nyengine, ikiwemo ya miundo ya baharini katika ngazi ya uzamili na ya uhandisi wa kemikali katika shahada ya kwanza. Kijana anayetaka kujenga barabara na madaraja, au aliyeguswa na kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib Desemba 2020 na akatamani kuyahifadhi majengo ya mawe ya mji wetu, huyo anahitaji fani ya ujenzi, na atafute panapofundishwa. Kumwingiza katika fani asiyoitaka kwa sababu chuo kina jina ni kumdhulumu.

Kwa ajili hiyo tunawashauri wazazi wajaze fomu zaidi ya moja, wala wasione haya. Ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni, ambayo imewatoa mafundi tunaowaita majumbani mwetu kila kiyoyozi kinapokataa. Kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Ng'ambo ya maji ipo Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1957, na kipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tulichokitaja. Chuo kilichoanza na nafasi hamsini hakiwezi, na hakikukusudiwa, kuwa chuo cha kila mtoto hodari wa Unguja na Pemba. Watakaokosa watakuwa wengi kuliko watakaopata, na miongoni mwao watakuwemo watoto wenye akili nzuri kabisa ambao siku ile walikuwa na homa, au swali moja liliwapiga chenga.

Familia na iswali istikhara, na iswali kabla ya kujaza fomu, si baada ya kupata jibu lisilopendeza. Fomu zijazwe na mtoto mwenyewe, majina yalingane na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya mitihani herufi kwa herufi, maana huku kwetu mtoto mmoja huandikwa Khamis skuli na Hamisi katika kitambulisho, na usumbufu wake ni mkubwa. Tarehe zifuatwe kutoka katika matangazo ya chuo chenyewe, si kwa maneno ya barazani.

Na kwa aliyekosa safari ya kwanza, ipo njia nyengine ambayo haizungumzwi sana. Shahada ya uzamili ya Bweleo ni ya miaka miwili, na ada yake ilipotangazwa mwaka 2023 ilikuwa dola 4,000 kwa mwaka, theluthi moja ya ile ya shahada ya kwanza. Kijana atakayetoka Dar es Salaam au hapa hapa nyumbani na shahada nzuri ya uhandisi anaweza kuomba tena kwa mlango huo akiwa na miaka 23 au 24, na hesabu zake zikiwa zimekomaa.